Raha ya Ufan Iko Jogoo Road, Noma Iko Getini

Kama ulikuwa Eastlando jioni ya Jumapili, Agosti 10, 2025, hii stori unaijua tayari. Ryan Ogam alikuwa amefunga Morocco dakika ya 42, Chrispine Erambo akalishwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na Harambee Stars wakacheza kipindi chote cha pili wakiwa wasee kumi. Ikaisha 1-0. Huku Jericho watu walimwagika nje kama shule imefungwa. Mathree zilisimama katikati ya Jogoo Road zikipiga honi, makanga wamepanda juu ya gari, na mathe wa mboga karibu na keja yetu, ambaye sijawahi kumsikia akiongelea ball hata siku moja, alikuwa anagonga sufuria na mwiko akiuliza, "Huyo Ogam ni mtoto wa nani?"

Sasa tuongee ukweli. Siku hiyo hiyo kuna mamorio kibao wa huku mtaani walitaka kuwa Kasarani na hawakuingia. CAF ilikuwa imesema mafans wasizidi 27,000, na uwanja wenyewe hubeba karibu 48,000. Sababu ilikuwa sisi. Kwenye mechi za kwanza za CHAN, wasee bila tikiti walisukuma mageti, wengine wakaruka ukuta, FKF ikapigwa faini, na viti vikabaki vitupu kwenye mechi kubwa zaidi kuchezewa Kenya kwa miaka mingi. Tulikatiwa raha yetu wenyewe na tukaisherehekea kwa TV.

AFCON 2027 inakuja hapa kwetu, Uganda na Tanzania. Kila siku utasikia wakubwa wakiongea kuhusu viwanja, simiti na nyasi. Hakuna mtu anaongea kuhusu fan, huyu msee ambaye amekuwa akijaza hivyo viwanja tangu babu zetu. Ni kama anatarajiwa tu kutokea, alipe, aimbe, halafu aende home akikohoa teargas.

Kwa wale hawajawahi: ufan wa Eastlando hauanzi ukifika stado. Unaanza asubuhi, kwa base. Mtu mmoja anadunga jezi saa mbili, mechi ni saa tisa. Wa pili anamuona, anarudi keja kubadilisha. Kufikia saa tano mko kumi na watano, kuna msee wa ngoma, kuna msee wa vuvuzela ambaye majirani wanamchukia, na kuna buda mmoja wa miaka sitini na kitu ambaye atawaambia venye nyinyi hamjui ball, mngeona enzi zile. Halafu mnateremka Jogoo Road kwa miguu. Wa Maringo wanajiunga, wa Mbotela wanajiunga, wa Okongo wanatokea wakiwa wengi kuliko wote na tayari wanaimba. Mkifika City Stadium nyinyi ni jeshi. Kama mechi ni Nyayo mnakata na Lusaka Road, na watu wa Indaa wanatoka kwa mageti ya kampuni kuwatazama. Wale wa K'Ogalo wengine huwa wamekutana tao, pale kwa sanamu ya Tom Mboya, wanacheza hapo kwanza ndio washuke.

Sehemu kubwa ya raha iko kwa hiyo njia. Nimesahau scores nyingi sana za mechi nilizoenda. Sijasahau nani nilitembea naye.

Mimi nimelelewa nyumba iliyogawanyika. Mzae ni Ingwe damu, mjomba yangu upande wa mathe ni K'Ogalo, na mashemeji hawa wawili walikuwa wanaketi kwa kochi moja wakisikiza redio bila kuangaliana. Hiyo ndio maana halisi ya Mashemeji Derby, kama ulidhani ni jina tu la kuuza tikiti. Waluo na Waluhya wameoana huku Kaloleni na Makongeni tangu zamani, wakafanya kazi pamoja reli na Indaa, na Jumapili wakagawanyika kwa dakika tisini.

AFC ilianza 1964 ikiitwa Abaluhya, Gor ikaja 1968. Mwaka wa 1980 serikali ikasema majina ya kikabila yatoke, Abaluhya ikawa AFC Leopards. Majina yakabadilika, mafans hawakubadilika. Ingwe ikachukua kombe la klabu bingwa Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984, na mzae bado hutamka hiyo miaka kama namba ya kitambulisho. Halafu 1987 Gor ikafanya kitu ambacho hakuna klabu ingine ya Kenya imewahi kufanya hadi leo: ikashinda Kombe la Washindi la Afrika. Sare ya 2-2 Tunis dhidi ya Espérance, sare ya 1-1 hapa Nairobi, kombe likabaki kwa bao za ugenini. Mjomba yangu anadai alikuwa uwanjani. Kila Mluo wa umri wake anadai alikuwa uwanjani. Kama wote walikuwa, basi siku hiyo Nairobi yote ilibaki bila mtu.

Lakini hizo ni miaka tamu. Kitu hunifunza zaidi kuhusu ufan ni miaka chungu. Gor ilikaa bila ligi kutoka 1995 hadi 2013. Miaka kumi na nane! Kuna mtoto alizaliwa, akasoma, akamaliza fom foo, akachukua kipande, bila kuona K'Ogalo wakibeba ligi. Na bado walijaza. Ingwe ndio hata tusiseme, ligi ya mwisho ni 1998. Mzee wangu amengoja muda kuliko vile mimi nimengoja kitu chochote, na kila msimu ananiambia hii timu ya sasa iko na kitu. Hapa kuna fan wa Arsenal anatikisa kichwa akisema anaelewa. Buda, tulia, nyinyi mna Emirates.

Kwa hivyo ni nini huweka mtu hapo miaka yote hiyo kama si kombe? Nimeuliza wasee wengi hili swali, na hakuna hata mmoja alianza na ball. Mmoja alisema alipofutwa kazi Indaa, ni wasee wa tawi lake la mafans walimlipia keja miezi miwili. Mwingine alisema mathe yake alipofariki, basi ya kupeleka mwili ushago ilichangwa na watu ambao alikuwa anajua majina yao ya utani pekee. Msupa mmoja wa Umoja aliniambia kwa terrace ndio mahali pa kwanza aliwahi kupiga nduru kwa sauti yake yote bila mtu kumwambia anyamaze. Huyo huyo aliniambia pia kuna mechi amewahi kutoka akilia, kwa sababu kuna mikono huguza watu kwenye msongamano na hakuna anayeuliza. Yote mawili ni kweli, na yeye bado huenda, ila siku hizi anaenda na mbogi ya wasichana wenzake sita na wanaingia wameshikana.

Na tusisahau ganji. SportPesa walipotoka 2019 kwa ile vita ya ushuru, Gor na Ingwe zote mbili ziliachwa bila sponsa. Wachezaji wakakaa bila mshahara. Nani alichanga? Mafans, kwa M-Pesa, soo hapa, chwani pale. Wengine walikuwa wanachangia timu na wao wenyewe wana deni kwa duka la mtaa. Mwaka mmoja kabla ya hapo timu hiyo hiyo ilikuwa Goodison Park ikicheza na Everton. Ilipigwa 4-0, ndio, lakini kuna Wakenya walioko Uingereza walitoka miji mbalimbali wakavaa kijani wakaimba kama wako Jogoo Road. Ufan huu hufuata mtu hadi majuu.

Sasa twende kwa upande ambao hatupendi kuuongelea.

Oktoba 23, 2010, Nyayo, derby ya Gor na Ingwe. Watu walisukumana getini wakitaka kuingia. Wasiopungua saba walikufa. Walikuwa wameenda kutazama mpira, wengine kwa miguu kupitia njia ile ile nimekuelezea. Hao si watu wa taarifa ya habari tu. Mtaani kuna nyumba hadi leo ambazo ukitaja Mashemeji Derby, mtu anatoka nje kuvuta hewa.

Machi 2012, Nyayo tena, derby tena. Kadi nyekundu ikatolewa, mawe yakaanza kuruka, mechi ikasimama, na K'Ogalo wakaadhibiwa. Halafu Oktoba 2025, Raila alipoaga, ambaye alikuwa patron wa Gor miaka na mikaka, umati ulisukuma geti Kasarani ukitaka kumuona kwa mara ya mwisho. Polisi wakajibu kwa risasi na teargas. Watu wakafa pale pia. Siku hiyo haikuwa mechi, lakini uliona jezi za kijani ngapi kwenye hizo picha? Ni wale wale. Na ni uwanja ule ule ambao miezi miwili kabla yake mageti yake yalikuwa yamesukumwa wakati wa CHAN.

Kwa hivyo nikisikia mtu akisema shida ni mafans wa Eastlando ni wahuni, nakataa, lakini sikatai yote. Nitakwambia kitu ambacho sijivunii. Nimewahi kuingia mechi bila tikiti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, tulikuwa mbogi ya wanane, tukangoja umati uwe mkubwa, mmoja akapiga nduru "sukuma!", na tukaingia. Tulicheka hiyo wiki nzima. Ilinichukua miaka kadhaa kufikiria kwamba mbele yetu kulikuwa na watu waliokuwa wamelipa, wengine na watoto mabegani, na sisi tulikuwa uzito mgongoni mwao. Hakuna aliyeumia siku hiyo. Ilikuwa bahati tu, akili haikuwepo.

Ila pia angalia vile geti lenyewe huendeshwa. Watu elfu ishirini wanafika, mlango unaofunguka ni mmoja au miwili, upana wa mtu mmoja. Mechi inaanza na nje bado foleni haijasonga. Karao mmoja anachoka, anainua rungu. Foleni inavunjika. Mtu aliye nyuma haoni rungu, anasikia tu bao limefungwa ndani. Ukiwa na tikiti halali mkononi na umesimama saa mbili, uvumilivu wako una mwisho. Hiyo ni hesabu ya mwili na nafasi, haina kabila wala mtaa. Uingereza walizika watu 97 kwa sababu ya Hillsborough, 1989, na kwa miaka mingi wakubwa waliwalaumu mafans wa Liverpool kuwa ni walevi. Mwaka wa 2016 wazee wa baraza la uchunguzi wakasema mafans hawakuwa na kosa, na kwamba walikufa kwa uzembe wa wengine. Familia zilingoja miaka ishirini na saba kusikia hivyo. Wale wa Nyayo 2010 wamengoja kimya.

Tiketi za mtandaoni za CHAN zilikuwa wazo fiti, sitadanganya. Zilipunguza wasee wa kuuza karatasi feki nje. Lakini ziliisha haraka, na ukiwa mzee wa Kaloleni una mulika mwizi, simu haifungui chochote, wewe ulikuwa umeshafungiwa nje kabla hujatoka nyumbani. Yule buda wa base yetu, wa enzi zile, alitazama robo fainali na Madagascar kwa kibanda. Tukatoka 1-1, tukapoteza penalti 4-3. Alizima sigara, akasema "hata '87 tulishinda kwa bahati," akaenda kulala. Huyo ndiye msee ningempa kiti cha kwanza kwa AFCON.

Cheki majirani. Tanzania, Simba na Yanga, wanachama wana kadi, wana matawi yenye viongozi wanaojulikana, na kwenye mfumo wao mpya wanachama ndio wenye hisa asilimia 51. Kila mwaka kuna Simba Day na Wiki ya Mwananchi, na uwanja wa Mkapa wa watu 60,000 unajaa siku ambayo hata hakuna ligi. Hawakosi fujo zao, tusiwafanye malaika. Lakini klabu ikitaka kuongea na mafans wake inajua ni nani wa kupigia simu. Hapa kwetu matawi yapo, nimeshakwambia yanalipa keja na kuzika watu, yanakodi mabasi kwenda Kisumu na Mombasa na kurudi bila kupoteza hata mtoto mmoja. Ujuzi wa kusimamia umati tunao. Hakuna anayeuita siku ya mechi kubwa. Siku ya mechi kubwa wanaletwa makarao ambao hawajui tofauti ya wimbo na vita.

Na hapa lawama irudi kwetu pia. Gor na Ingwe ni klabu za wanachama, lakini hebu niambie, kwa base yenu ni wangapi wamejiandikisha? Sisi ni kumi na watano. Waliojiandikisha ni watatu, na mmoja wao kadi yake iliisha. Tunapiga kelele uchaguzi ukifika na hatuna kura. Halafu tunashangaa kwa nini maamuzi ya tikiti, mageti na viwanja yanafanywa bila sisi.

Ningekuwa na sauti kwa hiyo kamati ya 2027, ningeomba kitu kidogo tu. Wauze sehemu ya tikiti mtaani, kupitia matawi, pale Kaloleni Social Hall au hata Camp Toyoyo, kwa mtu na kitambulisho chake. Tawi likichukua tikiti mia mbili, tawi linawajibika kwa watu mia mbili, wanaingia pamoja kwa geti lao, na kuna wasee wao wenye reflekta mbele na nyuma. Nakwambia msee wa Okongo hawezi kusukuma geti ambalo limesimamiwa na mtu aliyemzikia babake. Na mageti yafunguliwe mapema, saa nne kabla ya mechi, kuwe na ngoma ndani, watu waingie pole pole. Sisi tayari huwa tumedunga jezi saa mbili asubuhi.

City Stadium nao? Ulipewa jina la Joe Kadenge mwaka wa 2019, mzee aliyetufanya wote tukijua kusema "Kadenge na mpira" kabla ya kujua kucheza. Umekaa miaka ukiwa kwenye ukarabati usioisha, na huo ndio uwanja wa pekee mkubwa ambao mtu wa Eastlando angetembea dakika kumi na kufika. Mechi zikahama, mafans wakawa watu wa kupanda mathree mbili kwenda kutazama timu iliyozaliwa nyuma ya nyumba yao. Na sasa mitaa yenyewe inabomolewa kidogo kidogo kujenga maghorofa. Base ikivunjwa, na mmoja akatupwa Ruai, mwingine Kitengela, ile safari ya Jogoo Road itaanzia wapi?

Sijui. Lakini najua mahali hiyo kitu bado iko mzima. Ligi ikiwa likizo, Desemba kuingia Januari, nenda Ziwani utazame Koth Biro. Jina ni Kiluo, mvua inakuja, na mashindano yenyewe yamekuwepo tangu miaka ya sabini. Vumbi ni la kutosha, ukuta ni watu wenyewe, wamesimama hadi kwenye mstari, na refa akitaka kona ipigwe lazima aombe mafans warudi hatua mbili. Hurudi. Hakuna geti. Mwaka jana nilienda na mzae na mjomba, wote wawili wazee sasa, mmoja na jezi ya Ingwe iliyochujuka, mwingine kijani. Kijana mmoja ambaye hatumjui aliamka kwa jiwe alilokuwa amekalia akamwachia mzae. Mjomba akauliza, "Na mimi?" Kijana akamwangalia ile jezi, akacheka, akasema, "Wewe simama, Sirkal, nyinyi mmezoea kombe."

Walikalia lile jiwe kwa zamu hadi mechi ikaisha.